SEHEMU YA 9: KONDAKTA ASIYEKULA

 Kina mama, na nyinyi baba wachache mnaosoma kimya kimya bila kuandika hata neno, nawaona. 

Kwa wageni: mimi ni nesi, nilisoma diploma, niko wodini mwaka wa kumi na moja sasa, na huu mfululizo nauandika siku nikiwa sina zamu. Tumeongea kuhusu chanjo, homa ya usiku, na yule mtoto anayekataa uji. Baada ya sehemu ya 8, ile ya kisukari cha watoto, mama mmoja aliniuliza: "Sista, wewe wako ulimfanyaje akakubali kujidunga mbele ya wenzake? Wangu ananificha." Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikafuta. Ukweli ni kwamba si mimi. Ni kijana mmoja anayechora na kuuza vitabu vya katuni, na hata yeye hakujua anachofanya. Kwa hivyo chukua chai, hii ni ndefu.

Binti yangu aligunduliwa na kisukari aina ya kwanza akiwa na miaka 9. Nilishawaeleza, hiki si kile cha watu wazima. Hapa mwili umeacha kutengeneza insulini, basi. Hakikuletwa na peremende wala soda, na hilo nimemwambia mama mkwe wangu mara nyingi hadi amenielewa. Sindano asubuhi, mchana, jioni, na ya kulalia. Miaka mitatu tulienda vizuri, hadi nikawa najisifu. Halafu akaingia Gredi ya 7, shule mpya, marafiki wapya.

Siku moja msichana wa darasa lake alimkuta chooni ameinua shati, kalamu ya insulini mkononi. Kufikia saa kumi alikuwa ameshapewa jina: Teja. Hakuniambia. Alipiga tu hesabu yake ya kitoto, kwamba ukiacha sindano ya mchana hakuna wa kukuona. Na kile kitabu chetu cha kuandika sukari akawa anajaza namba nzuri za kubuni, kwa mwandiko safi kabisa. Mimi natoka zamu, natazama, nasema "safi sana mami," naenda kulala. Nesi mzima.

Muhula haukuisha. Asubuhi moja aliamka anatapika, anahema mbio mbio, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hiyo harufu mimi naijua hata usingizini. Nilimkimbiza hospitali ninayofanyia kazi, wenzangu wakampokea, nami nikasimama ule upande wa kitanda wanaposimama wazazi. Alilazwa siku nne. Hakuna aliyenilaumu, na nadhani afadhali wangenilaumu.

Tuliporudi nyumbani nilifanya ninachojua: nilihubiri. Figo, macho, mishipa, yote. Alinisikiliza kwa heshima, akasema "sawa mama," akarudi kwa simu yangu. Kwa simu alikuwa anasoma katuni.

Sasa, mimi katuni zangu ni za Juha Kalulu, ya mzee Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Baadaye nikiwa chuoni, mwaka 2010, ikaja Shujaaz, iliyokuwa ikigawiwa bure, tunapokezana hadi karatasi inakuwa laini kama kitambaa. Kwa hivyo nilidhani nazijua. Kumbe zake ni nyingine. Hizi zinachorwa na vijana wanaokaa vyumbani mwao, mtu mmoja anatunga hadithi, anachora, anatafuta pesa ya kuchapisha, anauza mwenyewe. Nilisema "hawa ambao hawajaajiriwa," binti yangu akanirekebisha kwa ukali: "Wa kujitegemea, mama."

Mwezi mmoja baada ya kulazwa aliniomba kitu, cha kwanza tangu atoke hospitali. Alitaka kwenda kwa kongamano la katuni la Nairobi, lile vijana huita Naiccon, pale ukumbi wa maonyesho wa Sarit, Westlands. Kulikuwa na msanii mmoja ambaye alikuwa amesoma kurasa zake zote za bure kwa simu, na siku hiyo angekuwa na meza yake. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Miguu imevimba, pesa ya mwezi iko ukingoni. Lakini nikaangalia uso wake, nikaona wacha twende.

Ndani ya matatu nilipewa somo. Nikaambiwa haya mambo yalianza zamani. Kule San Diego, Marekani, mwaka 1970 walikutana watu kama mia tatu ndani ya hoteli, na siku hizi wanafika zaidi ya laki moja. Na Tokyo, mwaka 1975, vikundi 32 vya watu wanaochora kwa mapenzi yao walipanga meza wakauziana vitabu walivyojichapishia, na leo hilo soko lao ndilo kubwa kuliko yote ya aina hiyo duniani. "Huko mtu anakuja kukutana na mwenye kuchora, uso kwa uso," akasema. Nilihesabu: alikuwa ameongea zaidi ya dakika kumi mfululizo. Tangu atoke hospitali hakuwa ameongea hivyo na mimi.

Tulipoingia nilishtuka kidogo, sitawadanganya. Watu wamevaa kama wahusika wa katuni na michezo ya video, panga za kadibodi, nywele za buluu. Mvulana mmoja alikuwa Spider-Man kamili juu, lakini chini ana soksi za shule. Mama yake alikuwa nyuma amebeba mkoba na sweta, uso umechoka kama wangu. Tulitazamana tukacheka.

Meza kubwa zenye taa na muziki ziko mbele. Wale wa kujitegemea wako kwenye safu ya meza ndogo, moja moja, kila mtu na vitabu vyake, na bango alilolichapisha kwa pesa yake. Yule wa kwetu alikuwa kijana mwembamba, wa miaka ishirini na nne hivi, kalamu nyuma ya sikio. Kitabu chake kinahusu msichana kondakta wa matatu ya usiku ambaye anasikia mawazo ya abiria. Shilingi 500. Mbele yetu kulikuwa na watu sita. Binti yangu alikuwa amebeba daftari la maswali, na tulivyosogea nikaona limeanza kulowa jasho kwenye ncha. Nilimshika bega nikamuuliza kama sukari inashuka. Akasema, "Hapana, ni woga tu."

Zamu yake ilipofika nilitaka kumsemea. Si mnajua sisi wamama: "Huyu anakupenda sana, amesoma zote, mwambie basi!" Kitu kilinizuia, nafikiri ni uchovu. Nikakaa kimya. Akafungua daftari, akauliza:

"Anko, kondakta wako hula saa ngapi?"

Yule kijana kwanza aliumia kuitwa anko. Halafu akacheka. Halafu akaacha kucheka, akachukua kitabu chake mwenyewe, akaanza kukifungua ukurasa baada ya ukurasa kama mtu anayetafuta funguo.

"Kurasa 40," binti yangu akasema. "Anafanya kazi kutoka jioni hadi asubuhi, na hajakula hata mara moja. Hata chai."

"Hajala kweli," kijana akasema. "Aki sikuwa nimefikiria. Kwa nini umeuliza?"

Akanyamaza. Nyuma yetu watu walikuwa wanasubiri, nikaona anageuka kuwaangalia. Nikajua sasa atasema "hakuna, nilikuwa nauliza tu," kwa sababu hilo ndilo jibu alilonipa mimi miezi mingi. Lakini akasema, kwa sauti ndogo, "Mimi nikidungwa sindano nisipokula, naanguka."

Kina mama, nimekuwa kwa wodi nyingi. Nimeona watu wazima waliosoma wakisikia habari kama hiyo, uso unabadilika, huruma inaingia: "Woi, pole, mtoto mdogo hivi." Yule kijana hakusema pole. Aliweka kalamu chini, akasogeza kiti, akauliza, "Inakuwaje? Kabla ya kuanguka unasikia nini?"

Akamwambia. Kwamba mikono inatetemeka kwanza. Kwamba jasho linakuja la baridi, na sauti za watu zinakuwa mbali, na unakasirika bila sababu. Kwamba ukipata juisi unarudi pole pole, na kichwa kinauma baadaye. Kijana alikuwa anaandika! Mimi nafundisha wazazi dalili za sukari kushuka kila wiki, ziko kwa karatasi ukutani, na sikuwa nimewahi kumuuliza binti yangu zake zinakuwaje. Ile ya sauti kuwa mbali niliisikia hapo kwa mara ya kwanza, pamoja na mtu asiyetujua.

Ilikuwa karibu saa saba, saa ya sindano. Nikamnong'oneza, "Twende tutafute choo." Akaniangalia, akaangalia ile foleni, akasema, "Hapa tu, mama."

Akapima kwanza kidoleni: 11. Akatoa kalamu ya insulini, akaweka sindano mpya, akageuza kipimo chake, akainua shati kidogo tu upande wa tumbo, akadunga, akahesabu hadi kumi, akatoa. Hakuna aliyepiga kelele. Spider-Man wetu wa soksi za shule, ambaye alikuwa amejiunga na foleni, aliuliza, "Hiyo haiumi?" Akajibiwa kama mtaalamu: "Hii kidogo. Ya kidole ndiyo huuma." Na yule msanii alikuwa anachora mkono wake, haraka haraka, kwenye nyuma ya karatasi ya bei.

Ukishadunga ile ya haraka lazima ule, kwa hivyo nilitoa chakula chetu palepale, chapati na ndengu nilizopima nyumbani. Ndipo nikaona kijana anaangalia chapati kwa njia fulani. Nikamuuliza, "Na wewe umekula?" Akacheka kwa aibu. Alikuwa hapo tangu saa moja asubuhi, peke yake, na ukiacha meza nani atauza? Binti yangu akasema, "Kumbe kondakta ni wewe."

Basi nikampa chapati mbili na sahani, nikamwambia aketi nyuma, nami nikasimama kwa meza. Ndiyo, mimi, na viatu vyangu vya wodi, nikauza vitabu vya katuni. Ningependa mjue nilichojifunza kwa hizo dakika ishirini. Mtu anakuja, anashika kitabu, anakifungua chote, anasema "moto sana hii," anapiga picha, anarudisha, anaenda. Mwingine anauliza kama iko bure kwa simu. Mwingine anaomba mtoto wake achorewe picha, mchoro wa dakika kumi, na hanunui kitu. Yule kijana alikuwa amechapisha nakala 150 huko River Road kwa pesa aliyokopa, na meza pia ameilipia. Kila kitabu kinachorudishwa na alama ya mafuta ya vidole hakiuziki tena kama kipya. Niliuza vinne. Nilifurahi kama nimezalisha mapacha salama.

Alipomaliza kula nikamuuliza kwa utani, mtu wa hospitali ana habari gani na katuni? Akaniambia yuko nesi huko Marekani, M.K. Czerwiec, aliyefanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa UKIMWI huko Chicago miaka ya 1990, akaanza kuchora yale aliyoyaona, na mwaka 2017 akatoa kitabu kizima cha katuni kuhusu hiyo wodi, Taking Turns. Na kwamba kuna mikutano ambapo wauguzi, madaktari, wagonjwa na wachoraji wanakutana kwa ajili ya vitabu kama hivyo, wa kwanza ulifanyika London mwaka 2010. Miaka yote hiyo mimi nabandika karatasi ukutani.

Tukanunua kitabu chetu, akakitia sahihi. Hakuandika "kwa shabiki wangu." Aliandika: "Kwa daktari wa kondakta." Kurudi kwa matatu alilala begani kwangu, kitabu kifuani.

Wiki sita baadaye ujumbe uliingia kwa simu yangu, kwa sababu binti hana yake. Msanii alikuwa ametuma picha ya ukurasa wa kitabu kipya, bado haujachapishwa. Abiria msichana amekaa kiti cha nyuma cha matatu, usiku, anajidunga insulini, na kondakta, ambaye husikia mawazo ya kila mtu, anasikia anavyohesabu moja hadi kumi. Mimi machozi yalinitoka. Binti yangu aliangalia kwa muda mrefu, akasema, "Amekosea."

Na kweli alikuwa amekosea. Kwenye mchoro sindano imelazwa kando, na hii ya kalamu huingia wima. Tena kifuniko cha ndani kilikuwa bado hakijatolewa. Akamwandikia makosa yote mawili, na la tatu: kwamba huyo msichana lazima awe na chakula karibu, la sivyo ni hatari. Usiku huohuo ukurasa mpya ulirudi. Wima. Bila kifuniko. Na kondakta amemkalia karibu, wanagawana chapati.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini watoto wetu hupanga foleni kwa zile meza ndogo. Hadithi yenye kampuni kubwa nyuma yake, mtoto wako akiona kosa atamwambia nani? Hii ya kujitegemea mwenye kuchora ndiye mwenye kuamua, na amekaa hapo mbele yako na njaa yake. Ukimwambia kitu cha kweli anaweza kukitia ndani. Binti yangu alienda kama shabiki, akarudi kama mtu anayejua jambo ambalo mwingine anahitaji kujua. Mimi kwa mahubiri yangu yote nilikuwa nimemfanya mgonjwa tu.

Sasa msije mkafikiri yaliisha kama sinema. Kitabu kipya alikibeba shuleni, wakakipokezana. Wawili watatu wakawa marafiki wa kweli. Yule msichana wa kwanza bado humwita Teja akikasirika. Muhula huu sindano moja aliiruka, lakini jioni aliniambia mwenyewe, na kile kitabu cha sukari sasa kina namba mbaya mbaya za ukweli. Kipimo cha miezi mitatu kilikuwa 12 alipolazwa. Cha mwisho kimesoma 9. Bado hatujafika tunapotaka. Siku hizi anajidunga kwa dawati lake. Mwalimu wa darasa aliomba awaeleze wenzake, akaeleza.

Mkipeleka watoto kwa kongamano kama hilo, haya machache. Beba maji na chakula, foleni ni ndefu. Angalia kitabu kwanza, vingine ni vya watu wazima, na mwenye kuchora mwenyewe atakuambia ukweli ukimuuliza ni cha umri gani. Kama huna pesa ya kitabu hakuna aibu, sema tu, "leo sina, lakini nimependa hapa," na utaje hapo ni wapi. Wanafurahi. Mchoro wa mtoto ulipie. Muulize kama amekula. Na mtoto akifika mezani, mama, funga mdomo. Mwache aulize swali lake, hata kama unaona ni la ajabu.

Na wewe mama uliyeniuliza: sijui wako atampata wapi mtu wake wa kumwambia. Pengine ni kocha wa mpira, pengine binamu. Lakini kabla ya hapo jaribu kumuuliza kile ambacho mimi sikuuliza: "Sukari ikishuka, wewe unasikia nini?" Kisha usimfundishe kitu. Chukua kalamu, uandike.

Sehemu ya 10 ni Jumapili, tutaongea kuhusu mtoto anayekojoa kitandani ghafla baada ya kuwa ameacha, ana kiu kila saa na anakonda. Usingoje Jumapili kama ni wako, mpeleke apimwe sukari kesho asubuhi. Wiki hii niko zamu ya usiku, nikichelewa kujibu mnisamehe.